Mfumo wetu wenyewe wa wavuti au tununue uliopo? Kotesheni zinapishana mno

stoo_na_oda

Habari zenu wakuu, naomba msaada maana hapa kichwa kinauma. Kampuni yetu inasambaza vipuri vya mashine kwa wateja ambao nao ni wafanyabiashara, na kazi zote mpaka leo zinaenda kwa Excel na WhatsApp. Oda inaingia WhatsApp, mtu wa mauzo anaiandika kwenye faili lake, anamtumia wa stoo, wa stoo naye ana faili lake, wa invoisi naye ana lake, jioni kuna mtu anakaa kuyaoanisha na kila siku hayaoani. Kuna faili linaitwa ORODHA_MPYA_final2_TUMIA_HII na kuna jingine lina jina hilohilo ila bei tofauti, msinicheke.

Sasa bosi kasema tutengenezewe mfumo wetu wa wavuti, kila mtu anaingia kwa brauza hata akiwa nje ya ofisi. Anataka humo kuwe na oda, stoo, madeni ya wateja, mishahara, dashibodi ya kuangalia kwenye simu, na wateja waweze kuingia wenyewe kuweka oda. Tumeongea na watu kadhaa, kotesheni zao zimenichanganya, ya juu ni mara nyingi ya ile ya chini na kazi tuliyowaeleza ni ileile. Wa bei ya chini alisikiliza kidogo tu akasema hiyo kazi ndogo. Mwingine kagoma kabisa kutaja bei, anasema kwanza tumlipe akae na watu wetu awaulize maswali, ndipo ataje. Wa tatu kasema tusijenge chochote, tununue programu iliyopo.

Je tujenge au tununue? Huyu anayetaka hela ya kuuliza maswali ni mjanjamjanja au ndivyo kazi inavyofanyika? Na mimi ambaye si mtu wa IT nitamjuaje anayeijua kazi?

mzee_wa_databesi

Mkuu karibu. Hizo kotesheni zinapishana kwa sababu kila mmoja amepigia bei kitu alichokiona kichwani mwake, na hakuna hata mmoja aliyeona kitu kilekile.

Chukua oda moja tu. Mteja kaagiza vipande 40, stoo kuna 25. Mfumo ufanye nini? Zipelekwe 25 na 15 zisubiri, au oda nzima isubiri? Hizo 25 zikisubiri zimewekwa pembeni kwa ajili yake au mteja mwingine akija kesho anauziwa? Invoisi inakuwa moja au mbili? Bei ikipanda kabla 15 hazijaingia, analipa bei ya siku aliyoagiza au ya siku anayopelekewa? Na kama alipewa punguzo kwa sababu kaagiza zaidi ya 30, halafu kachukua 25 akaghairi zilizobaki, punguzo linabaki au linarudi? Nani ana ruhusa ya kusema linabaki, na huyo mtu akiwa likizo nani anakaimu? Hapo bado hatujatoka nje ya oda moja, hatujagusa bidhaa iliyorudishwa wala kipuri kinachouzwa kwa boksi na kwa kipande kimojakimoja.

Majibu ya maswali hayo hayapo kwenye Excel yenu, yako kichwani mwa anayeandika invoisi. Huyo wa bei ya chini atayajibu mwenyewe kwa kukisia, usiku, akiwa anaandika kodi (yaani maandishi ya programu, siyo kodi ya serikali), na nyie mtakuja kujua alikisia nini siku mteja anagomea invoisi. Ndipo anaanza kuwaambia "hiyo haikuwepo kwenye makubaliano", na kusema kweli haikuwepo.

Kwa hiyo anayetaka kulipwa kwa kuuliza ndiye wa kumsikiliza, ila kwa masharti. Mkubaliane kabisa kwamba mwisho wa hiyo awamu anawakabidhi maandishi: oda inapita wapi mpaka wapi, nani anafanya nini, sheria za bei na punguzo, michoro ya skrini hata ikiwa ya penseli, kipi kimo na kipi hakimo kwenye awamu ya kwanza. Maandishi yawe mali yenu, mnaweza kumpelekea mtu mwingine ayapigie bei. Akikataa hilo sharti basi ndio ujue ni mjanjamjanja.

Na angalia anaenda kukaa na nani. Akimaliza kila kitu kwenye kikao na bosi hamna kitu hapo. Bosi atamwambia punguzo lazima lipitishwe na meneja kwanza. Nenda kakae pembeni ya anayeandika invoisi uone, punguzo anaweka mwenyewe papo hapo maana mteja yuko kwenye simu anasubiri, halafu jioni meneja anasaini rundo lote bila kusoma. Sasa ukijenga mfumo unaomzuia mpaka meneja abonyeze kitufe, siku ya kwanza tu kazi imesimama, siku ya pili meneja kampa paswedi yake.

excel_haina_kosa

Mimi niko upande wa yule wa tatu, angalau nusu. Mbona watu wakisikia "mfumo" wanataka kujenga kila kitu kuanzia msingi? Mishahara mnalipa tofauti na dunia nzima? Hapana. Hesabu za vitabu je? Hapana. Hivyo vina programu zilizokomaa, nunua au tumia za programu huria (zisizo na ada ya leseni) kama ERPNext ya vitabu na Frappe HR ya mishahara, wengine wameshaumwa na makosa yake kabla yenu. Kujenga mfumo wa mishahara wa kwenu peke yenu maana yake kila sheria ikibadilika nyie ndio mnalipa kubadilisha.

Kipimo changu ni kimoja, chukua programu iliyopo, ijaribu kwa oda zenu halisi za wiki moja, siyo demo ya muuzaji ambayo kila kitu kinateleza vizuri. Pale inapowalazimisha mbadilishe namna mnavyofanya kazi, jiulize hiyo namna yenu ina faida au ni mazoea tu. Kama ni mazoea, badilikeni nyie. Kama ndicho kinachofanya wateja waje kwenu wasiende kwingine, hicho kijengeni.

Na jina langu linasema, Excel mnaionea. Shida yake kubwa ni kwamba ikikosea haipigi kelele. 2020 kule Uingereza taasisi ya afya ya umma ilipoteza majibu 15,841 ya waliopimwa Covid wakiwa nayo, kwa sababu data ilikuwa inapitishwa kwenye faili la muundo wa zamani wa Excel ambao unaishia mistari 65,536, kilichozidi kikaachwa kimyakimya. Muundo mpya unafika 1,048,576. Nyie pengine hamfiki hata robo ya hapo, lakini tabia ni hiyohiyo, faili mbili zina bei mbili na hakuna anayeambiwa.

stoo_na_oda

Asanteni sana wakuu. Nimemuonyesha bosi hilo swali la vipande 40, akanijibu "inategemea". Nikamuuliza inategemea nini, akasema inategemea mteja 😅

Hili la mishahara kakubali litoke. Lakini dashibodi hataki kusikia itolewe.

mzee_wa_databesi

"Inategemea mteja" ni sheria hiyo, sema tu haijaandikwa. Iandikwe. Wateja gani, na nani anawajua.

Dashibodi mpe, ila ya mwisho. Dashibodi ni kioo tu, inaonyesha kilichoingizwa huko chini, na kama oda bado zinaandikwa WhatsApp nusu na kwenye mfumo nusu ataona grafu nzuri za uongo. Hata hivyo mwambie achague namba tatu anazozitaka kila asubuhi, hizo zitasaidia kujua data gani lazima ikusanywe tangu mwanzo. Kama anataka kujua oda zilizochelewa basi lazima kila oda iwe na tarehe aliyoahidiwa mteja, na nina uhakika sasa hivi hiyo tarehe hamuiandiki popote.

mama_miradi

Naomba niongezee kitu ambacho naona hakijaguswa na ndicho kinachowaliza watu. NANI ANASHIKA FUNGUO.

Nimesimamia mradi sehemu moja, sitaitaja, ambako developa (mtengenezaji wa mfumo) alisajili domeini (anwani ya mfumo kwenye intaneti) kwa imeili yake binafsi, hostingi (seva, yaani kompyuta inayobeba mfumo) iko kwenye akaunti yake, kodi ziko kwenye kompyuta yake. Kazi yake ilikuwa nzuri tu, hatukuwa na ugomvi. Akapata ajira kwingine, akawa hajibu, domeini ikafika tarehe ya kulipiwa upya na aliyekuwa anapata ukumbusho ni yeye. Asubuhi moja watu wanafungua mfumo haupo, imeili za kampuni nazo hazifiki maana ziko kwenye domeini hiyohiyo. Data yote ipo salama kabisa kwenye seva ambayo hakuna mtu ofisini ana paswedi yake.

Kwa hiyo kabla kazi haijaanza, domeini isajiliwe kwa jina la kampuni na imeili ambayo si ya mtu mmoja. Akaunti ya seva ni ya kampuni na kadi inayolipa ni ya kampuni, developa anaalikwa humo kama mgeni mwenye ruhusa, siku akiondoka mnamtoa. Kodi zikae kwenye GitHub au GitLab (tovuti za kuhifadhia kodi), akaunti ya kampuni, na ziwe zinaingia humo tangu siku ya kwanza, siyo zipakiwe zote siku ya mwisho. Hata kama hujui kusoma kodi utaona tarehe, utaona kazi inaendelea au imelala.

Mkataba nao usome vizuri. Watu wengi wanadhani nikikulipa basi kazi ni yangu. Marekani na Uingereza kwa mfano, mtu ambaye si mwajiriwa wako akikuandikia programu hakimiliki kwa kawaida inabaki kwake mpaka kuwe na maandishi ya kukuhamishia. Muulizeni mwanasheria wa kwenu, na hicho kipengele kiandikwe wazi. Pia developa ana haki ya kubaki na vipande vyake vya jumla anavyovitumia kila kazi, hilo ni sawa, muhimu nyie muwe na ruhusa ya kuvitumia na kuvibadilisha bila kumuomba tena.

kijana_wa_PHP

Mimi nauliza tu mfumo utaandikwa kwa lugha gani? Maana wengine wanawauzia watu PHP mpaka leo, waambie watumie vitu vya kisasa

mzee_wa_databesi

Kijana jina lako na swali lako havielewani 😂

Lugha ni jambo dogo sana hapa. Viunzi vya kujengea mifumo kama Laravel ya lugha ya PHP, Django ya Python, Rails ya Ruby, vyote vimeshabeba biashara kubwa kuliko hii na vitaendelea. Swali ni je, huyu akiondoka kesho mtapata mwingine anayeweza kufungua kodi akaendelea? Kama kachagua kitu ambacho kimetoka juzi na anakijua yeye na marafiki zake, hapo ndipo pa kuogopa. Databesi (ghala la data la mfumo) chukua PostgreSQL au MySQL usilale unawaza.

Ngoja nirudi kwenye swali la stoo_na_oda, atamjuaje anayeijua kazi bila yeye kuwa mtu wa IT. Kuna vitu unaweza kuvijaribu mwenyewe kwa macho, mwambie akuonyeshe kwenye kazi aliyowahi kufanya au kwenye toleo la majaribio la kwenu.

Fungua brauza mbili, ingia kwa watu wawili tofauti. Kipuri fulani kimebaki kimoja. Wote wawili mkiweke kwenye oda, halafu mbonyeze kuthibitisha kwa pamoja. Ikipita zote mbili na stoo inasoma -1, huyo bado. Kinachotakiwa kiendelee huko chini ni kwamba databesi inafunga ule mstari wa kipuri kwa anayetangulia, wa pili anasubiri kidogo sana, akifika anakuta sifuri na anaambiwa kimeisha. Hiyo inafanyika ndani ya kinachoitwa transakisheni, iko kwenye hizo databesi zote kwa miongo, mtu anayeuza mifumo ya stoo bila kuitumia anakuuzia Excel yenye rangi.

Halafu bonyeza Hifadhi mara mbili harakaharaka, kama mtu ambaye intaneti yake imekwama anavyofanya. Zikiingia oda mbili, mrudishe.

Halafu hii ya usalama. Ingia kama mteja, fungua invoisi yako, angalia anwani pale juu, kama inaishia na namba tuseme 1057 ibadilishe iwe 1056. Ukiona invoisi ya mteja mwingine, simamisha kila kitu. Inaonekana ya kitoto lakini kwenye orodha ya 2021 ya OWASP (shirika la usalama wa programu), ile ya hatari kuu za programu za wavuti, namba moja ni familia hii, mfumo unamtambua mtu ni nani ila hauangalii kama anachofungua ni chake. Na nyie mnataka wateja waingie wenyewe, wateja ambao ni washindani wao kwa wao, mmoja akiona bei anayopewa mwenzake mtaisikia.

Swali moja la kumuuliza kwa mdomo, stoo unaihifadhije? Akisema kuna safu inaitwa idadi, kikiuzwa tunapunguza kikija tunaongeza, muulize na siku idadi haioani na rafu nitajuaje ilianza kuharibika lini. Hapo wengi wanaanza kutafuta maneno. Anayejua atakwambia kila tukio linaandikwa mstari wake na haufutwi, zimeingia 100 tarehe fulani, zimetoka 25 kwa oda fulani, zimerudi 2 zimevunjika, kahesabu fulani kakuta pungufu 3 akarekebisha, na idadi iliyopo ni jumla ya mistari hiyo. Mtu akikosea hafuti, anaandika mstari wa kurudisha. Ukifanya hivyo ugomvi wa jioni mnaoufanya sasa hivi unageuka kuwa kazi ya kusoma tu, unaona ni saa ngapi na mkono wa nani.

Na hela isihifadhiwe kwa namba za desimali za kuelea (floating point), ambazo kompyuta inazikadiria tu. Mwambie yeyote afungue brauza, aende kwenye konsoli (sehemu ya kuandikia amri), aandike 0.1 + 0.2, itamjibu 0.30000000000000004. Kwenye invoisi moja huoni kitu, kwenye jumla ya madeni ya mwaka unaweza kuona senti zinacheza na mhasibu hatakusamehe. Hela inawekwa kama namba kamili ya senti au aina ya DECIMAL ya databesi.

kijana_wa_PHP

Sawa mzee nimekubali, hiyo ya 1056 nimeenda kujaribu kwenye mfumo nilioutengeneza naomba nisiseme zaidi

mtu_wa_seva

Mmesahau bekapu (nakala ya akiba ya data) jamani. Na siyo kuuliza "mna bekapu?" maana kila mtu atasema ndiyo. Mwambieni airudishe. Mbele yenu, kwenye seva nyingine tupu, kutoka bekapu ya jana, mfumo uwake na oda za jana zionekane. Asipoweza hamna bekapu, mna faili tu.

GitLab wenyewe, watu ambao kazi yao ndiyo hii, tarehe 31 Januari 2017 injinia alifuta folda ya databesi kwenye seva ya kazi akidhani yuko kwenye ile ya akiba, zikaenda kama GB 300. Njia tano za bekapu na kunakili walizokuwa nazo zikawa hazifanyi kazi vizuri au hazikuwahi kuwekwa sawa, kilichowaokoa ni nakala ambayo ilichukuliwa kama masaa sita kabla ya hapo. Waliandika yote hadharani na ndiyo maana tunajua, wengi wakifanya hivyo wananyamaza.

Bekapu moja ikae sehemu tofauti kabisa na seva, akaunti tofauti, ili mtu akiingia kwenye seva asifute vyote. Na amueni mapema mnaweza kuvumilia kupoteza kazi ya muda gani. Bekapu ya kila usiku maana yake mfumo ukifa saa kumi jioni mmepoteza oda za siku nzima. Kama hilo hamliwezi semeni sasa, lina bei yake.

bei_moja_tu

Mimi napingana na hii habari ya kulipa watu kuuliza maswali. Mteja anataka bei moja, tarehe moja, basi. Mnawafundisha watu kulipia vikao. Mimi mkataba wangu ni bei kamili, nusu mwanzo nusu mwisho, na sijawahi kugombana na mteja.

mama_miradi

Ndugu nusu mwanzo nusu mwisho ndiyo inayoleta ugomvi kwenye miradi mingi niliyoiona. Katikati hapo mteja haoni kitu, developa hana hela, na ile nusu ya mwisho inategemea neno "imekamilika" ambalo kila mtu analielewa kivyake. Mteja anabaki na hela anasema bado rangi, developa anabaki na kodi anasema lipa kwanza.

Gawanya vipande, kila kipande kitu ambacho mtu anaweza kukitumia. Cha kwanza, oda inaandikwa na stoo inaiona, watu wanaitumia kweli, mnalipana, mnaendelea. Kipande kikishindikana mnaachana mkiwa mmepoteza kidogo. Kuwasha kila kitu siku moja kunawashinda hata wenye hela, Healthcare.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kununulia bima ya afya, ilizinduliwa tarehe 1 Oktoba 2013 nchi nzima ikisubiri, na siku ya kwanza waliofanikiwa kumaliza kujiandikisha walikuwa watu sita.

Na bei isiyobadilika nakubaliana nawe kwa kipande ambacho kimeshaandikwa wazi. Kwa mfumo mzima ambao hata bosi anasema "inategemea", bei moja unayotoa hapo umeiweka na hofu yako ndani yake, mteja anailipia hofu hiyo hata kama hakikutokea kitu.

bei_moja_tu

Kwa kipande sawa. Ila kuna wanaouliza maswali miezi na miezi hawaandiki kodi hata mstari, hao mnawateteaje

mzee_wa_databesi

Hao wawekewe kikomo cha muda, na kilichoandikwa kisomwe na dada wa invoisi akiwa peke yake. Akikielewa na akasema "hapa umekosea, sisi hatufanyi hivi", kazi imefanyika. Akisema sielewi hata ukurasa mmoja, usilipe awamu inayofuata.

stoo_na_oda

Wakuu mmenisaidia kuliko nilivyotarajia. Nimeongea na bosi, tunaanza na oda na stoo peke yake, madeni yatafuata, wateja kuingia wenyewe baadaye kabisa. Mishahara tunanunua. Yule wa kuuliza maswali tumemwita, kakubali sharti la maandishi kuwa yetu, na nilipomuuliza stoo anaihifadhije kanijibu kwa mistari isiyofutwa bila hata kufikiri.

Limebaki moja. Data ya zamani. Tuna majina ya vipuri kwenye Excel za miaka, kipuri kimoja kina majina matatu manne, wateja nao hivyohivyo. Tuhamishe zote? Na tutumie mifumo yote miwili kwa muda gani mpaka tuiache Excel?

excel_haina_kosa

Usihamishe zote. Hamisha vipuri mnavyouza sasa, wateja walio hai, oda zilizo wazi na salio la kila mteja. Ya zamani yabaki kwenye Excel ya kusoma tu, akihitaji mtu atafungua. Kusafisha majina anzeni LEO kabla developa hajaandika chochote, na hiyo kazi afanye mtu wa stoo anayevijua vipuri kwa kuvishika, siyo developa, kwake yeye "bearing 6204" na "beringi 6204 ZZ" ni vitu viwili, au kitu kimoja, hawezi kujua na wala si kosa lake. Kila kipuri kipate kodi yake moja, yaani namba ya utambulisho, na kibandiko kwenye rafu chenye namba hiyohiyo.

Mteja usimuunganishe na mwenzake kwa kufanana jina, angalia simu na namba yake ya mlipakodi. Ukiunganisha madeni ya watu wawili kuyatenganisha tena ni kazi ya mwezi.

mzee_wa_databesi

Nakubali yote. Kuhusu kutumia vyote viwili, wengi watakushauri uviendeshe sambamba muda mrefu "kwa usalama". Kwenye karatasi inapendeza, kwa vitendo watu wanaandika oda mara mbili, wanachoka, wanarudi kwenye wanachokizoea ambacho ni Excel, na mfumo unaonekana mbovu kwa sababu data yake haijakamilika. Mimi ningefanya hivi: hesabuni stoo yote kwa mkono siku ambayo hamuuzi, hesabu hiyo iingie kama mstari wa kwanza wa kila kipuri, na kuanzia asubuhi inayofuata oda zote kwenye mfumo. Faili za Excel zifungwe zisiandikike, zisomeke tu. Kama mna sehemu zaidi ya moja anzeni na moja, iliyo ndogo lakini yenye oda za kila aina, zikiwemo za kurudisha.

Wiki hizo za kwanza developa awe anapatikana saa za kazi na hilo liwe kwenye mkataba na bei yake, maana ndipo yatakapojitokeza yale ambayo hata dada wa invoisi alisahau kuyasema.

stoo_na_oda

Sawa mkuu. Na upande wetu nani awe anasema ndiyo au hapana kwa developa? Bosi anataka kamati.

mama_miradi

Mtu mmoja. Kamati ikae ikitaka, lakini ujumbe kwa developa utoke kwa mtu mmoja na kwa maandishi, wengine wote wakimpigia simu pembeni wamuombe "kitu kidogo tu" aseme nenda kwa fulani. Na huyo fulani asiwe bosi, bosi hapatikani. Kwa ulivyoandika hapa nahisi ni wewe, kwa hiyo omba kabisa upunguziwe kazi nyingine, usikubali kufanya hii usiku baada ya kuoanisha mafaili.

stoo_na_oda

Hilo la kupunguziwa kazi ngoja nilipeleke kesho asubuhi kabla hajaanza simu zake.